Kozi ya nyota ianzishwe kusini

Ndugu Mhariri,

Naomba vyuo vya Mtwara na Lindi vifikirie kuanzisha kozi ya awali ya elimu ya nyota na galaksi (makundi makubwa mno ya nyota), iliyo wazi hata kwa wanafunzi wa ualimu na biashara. Mwaka 1912 mwanaastronomia Henrietta Leavitt wa Marekani, akichunguza picha za Wingu Dogo la Magellan (galaksi ndogo jirani na yetu) zilizopigwa Peru, alionyesha kuwa nyota fulani zinazobadilika mwanga hung'aa zaidi kadiri kipindi cha mabadiliko hayo kinavyorefuka; kwa uhusiano huo, unaowezesha kupima umbali wa nyota hizo, mwanaastronomia Edwin Hubble alithibitisha kwamba Andromeda ni galaksi iliyo nje ya yetu. Wingu hilo, ambalo mkazi wa London halioni kamwe kutoka kwao, huonekana kwa macho matupu kutoka Mikindani, upande wa kusini, usiku wa Novemba usio na mbalamwezi wala mawingu. Bei ya darubini, basi, isiwe kisingizio.

Msomaji wako,
Mtwara