Utafiti wa mifupa ya pwani umesomwa nusu

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie jambo linalonikera tangu Machi 2023, jarida la sayansi la Nature lilipochapisha utafiti wa DNA, yaani vinasaba, ya watu wa kale wa pwani yetu. Utafiti wenyewe ni mzuri. Kinachonikera ni jinsi unavyopitishwa simu kwa simu na watu waliosikia mstari mmoja tu.

Nasikia vijana wa Mji wa Kale hapa Mombasa wakitamba kwamba sayansi imethibitisha wao ni Waajemi, yaani watu wa Iran. Halafu kila penye mzozo wa ardhi Kilifi au Lamu, nasikia wengine wakisema: basi Waswahili wenyewe mababu zao walitoka Iran, wana haki gani ya kudai shamba hapa? Makundi haya mawili hayapatani kwa lolote, lakini yote yanataja utafiti huo huo.

Nimefundisha historia katika shule za upili mpaka nilipostaafu, na kwa kuzaliwa mimi ni mtu wa Faza, kisiwani Pate. Faza ni mojawapo ya mahali palipotolewa mifupa iliyochunguzwa. Kwa hiyo ninaowataja hapa huenda ni jamaa zangu.

Kwanza niseme kilichofanywa. Wataalamu, wakiwemo Profesa Chapurukha Kusimba ambaye ni Mkenya, Esther Brielle na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na wanaakiolojia Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones, walipata DNA ya watu 80. Waliozikwa pwani walitoka Mtwapa, Manda na Faza upande wa Kenya, na Kilwa, Songo Mnara na Lindi upande wa Tanzania, kati ya mwaka 1250 na 1800. Wengine walitoka Makwasinyi, bara kule Taita Taveta, ili pawe na watu wa kulinganisha nao.

Walichokuta ni hiki: wengi wa watu wa miji ile ya pwani, zaidi ya nusu ya urithi wao ni wa Afrika, na urithi huo ulipitia hasa kwa wanawake. Sehemu kubwa iliyobaki, na kwa baadhi yao hata kupita nusu, ni ya Asia. Katika hiyo ya Asia, asilimia 80 hadi 90 ni ya wanaume wa Uajemi, na nyingine inahusiana na Uhindi. Kuchanganyika kulianza kufikia mwaka 1000 hivi. Baada ya mwaka 1500, urithi unaoingia kutoka Asia ukazidi kuwa wa Arabuni.

Kwenye sauti za WhatsApp linasikika neno "Uajemi" peke yake. Neno "wanawake" halisikiki kabisa.

Wanafunzi wangu walizoea kuniuliza, mwalimu, watajuaje mfupa wa miaka mia saba ulirithi nini kwa mama na nini kwa baba? Ni swali zuri, na jibu lake halihitaji shahada. Mara nyingi hutumiwa mfupa mdogo ulio ndani ya fuvu, nyuma ya sikio, mgumu kuliko mifupa mingine karibu yote. Katika joto letu na unyevu wetu DNA huoza upesi, lakini pale ndani huweza kusalia kidogo. Sasa, kila mmoja wetu, mwanamume kwa mwanamke, ana kipande cha DNA ambacho hukipata kwa mama peke yake, naye mama alikipata kwa mama yake, hivyo hivyo kwenda juu. Wanaume nao wana kromosomu Y, fungu la DNA ambalo hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Ukivipima vyote viwili unapata njia mbili tofauti za kurudi nyuma. Kwa watu wa miji ya pwani, njia ya akina mama ilirudi Afrika karibu kwa kila mtu, na njia ya akina baba kwa wengi ikavuka bahari.

Tarehe je? DNA iliyobaki, ile tunayoipata kwa wazazi wote wawili, huchanganywa upya kila kizazi kama karata. Mtoto wa kwanza wa Mwajemi na mwanamke wa pwani hupata kromosomu nzima nzima za kila upande. Wajukuu na vitukuu hupata vipande, na vipande hivyo huzidi kuwa vifupi kadiri vizazi vinavyopita. Mtaalamu hupima urefu wa vipande, akakadiria vizazi, akageuza vizazi kuwa miaka. Ndivyo walivyoufikia huo mwaka 1000. Ni makadirio, si cheti cha ndoa, lakini ni makadirio yenye msingi.

Hapo kwenye mwaka 1000 ndipo mwalimu wa historia anapotakiwa kusimama. Maana miji yetu ilikuwapo kabla. Shanga, kisiwani kwetu Pate, ilichimbwa na Mark Horton miaka ya 1980, na chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti ya awali ya miti na udongo, wa mwanzo ukirudi hadi karne ya nane. Vyungu vya watu wale, vyenye mistari iliyochorwa pembetatu pembetatu, ni vya aina ile ile iliyopatikana bara. Watu waliokuwa wakifinyanga vyungu hivyo ndio waliokuwa wakisali pale Shanga, zaidi ya miaka mia mbili kabla ya wakati ambao DNA inaonyesha kuchanganyika kulianza. Kwa hiyo anayesema Waajemi walitujengea miji asitumie utafiti huu kama shahidi wake. Walikuja kwenye miji iliyokwisha kuwa na wenyewe, yenye biashara na yenye msikiti.

Habari za Kilwa, maandishi ya kale ya historia ya mji huo, zinasema vivyo hivyo, kwa mwenye kuzisoma zote. Nakala yake ya Kiarabu, ambayo Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alimpa John Kirk, balozi wa Uingereza, iko London mpaka leo. Kila mtu anakumbuka kisa cha Ali bin al-Hasan wa Shirazi, mji wa Uajemi, kuinunua Kilwa kwa nguo za kuzunguka kisiwa kizima. Wachache wanakumbuka kwamba habari hizo hizo zinasema alimkuta Mwislamu pale, jina lake Muriri wa Bari, pamoja na wanawe, na kwamba msikiti ulikuwapo.

Hata hivyo wazee wetu wanastahili kuombwa radhi, na hili nalisema nikiwakumbuka wenzangu wa chuo. Baada ya uhuru, wanahistoria wengi waliosomesha walimu wa rika langu walituambia kwamba hadithi za Shirazi ni za kujipamba tu, kwamba watu wa pwani walijibunia mababu wa mbali ili wapate heshima. Ilikuwa rahisi kuamini, kwa kuwa wakoloni nao walikuwa wameegemea upande mwingine kupita kiasi, wakiyaona magofu ya Gedi na Kilwa na kudai ni kazi ya wageni watupu. Sasa mifupa imeonyesha kwamba mzee aliyekaa barazani akisema "sisi tuna asili ya Shirazi" hakuwa akiota. Kabla ya mwaka 1500 urithi wa Asia ulikuwa hasa wa Uajemi, kama alivyorithi kwa kusikia. Simulizi ilidumu mdomoni karne nyingi kuliko vitabu vyetu vya shule.

Ila simulizi ile ilihifadhi upande mmoja. Katika kasha la marehemu baba yangu mna karatasi ya nasaba, kwa hati za Kiarabu, wino umegeuka rangi ya kahawa. Fulani bin fulani bin fulani, mpaka inavuka bahari. Nimeisoma yote. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyetajwa humo, kana kwamba wale wanaume walikuwa wakizaana wenyewe. Na nyumba ambayo karatasi hiyo ilitunzwa ilikuwa ya nyanya yangu, mzaa mama! Yeye aliipata kwa mama yake alipoolewa, na babu ndiye aliyehamia kwake na mkeka wake. Aliyewahi kukaa Lamu au Pate anaijua desturi hii: nyumba hupewa binti, mume huja. Baba alihifadhi nasaba ya akina baba katika nyumba ya akina mama, na sijui kama aliwahi kulifikiria hilo.

Kusimba na Reich wameeleza wanavyoona jambo lenyewe lilivyotokea: wafanyabiashara wa Uajemi walioa katika familia za wafanyabiashara wa hapa na kufuata mila za wenyeji, ili mambo yao yaende. Maelezo hayo yananiingia akilini. Mgeni anayekuja na pepo za kaskazi na kuondoka na kusi anahitaji mkwe mwenye ghala, mwenye kujuana na watu wa bara wanaoleta pembe, na mwenye neno mbele ya mtawala. Akioa, watoto wanalelewa katika nyumba ya mama, kwa lugha ya mama. Ndiyo sababu mjukuu wa Mwajemi alikua akizungumza Kiswahili, lugha ya Kibantu iliyo ndugu na Kimijikenda na Kipokomo, na hakuzungumza Kiajemi.

Jambo jingine linalosahauliwa ni nani hasa aliyechimbuliwa. Wengi wa waliopatikana pwani walizikwa kwenye makaburi ya heshima, karibu na misikiti, katika miji ya mawe. Mvuvi wa pembeni ya mji, mwanamke aliyeuza mtama, mkulima wa ng'ambo, mtumwa: hao walizikwa kwingine, na mifupa yao haijatuambia kitu. Kuchukua matokeo ya matajiri wa Mtwapa na kuyavisha kila mtu anayeitwa Mswahili kuanzia Barawa ya Somalia hadi Sofala ya Msumbiji ni kuwatwisha watafiti maneno ambayo hawakuyasema. Wao wenyewe wameandika kwamba watu wa pwani wa leo wamebadilika tena tangu hapo, kwa kuendelea kuchanganyika na watu wa Afrika na wa Asia. Kijana wa Kuze, mtaa wa hapa Mji wa Kale, anayejitangaza Mwajemi kwa sababu ya kaburi la Mtwapa angepima mate yake kwanza. Nahisi shangazi zake wa Rabai, kule kwa Wamijikenda, wangejitokeza humo!

Mhariri, kwa nini nalivalia njuga jambo hili? Kwa sababu pwani hii maswali ya asili hayajawahi kuwa ya kujifurahisha. Enzi za mkoloni, kuandikwa mzawa au kuandikwa Mwarabu kuliamua kodi unayolipa na shule anayokwenda mtoto. Ndipo jamaa wa Thenashara Taifa, yale makabila kumi na mawili ya Waswahili wa hapa Mombasa, wakapigana miaka mingi kuhusu daftari lipi waandikwe, na waliopigana walikuwa ndugu, wengine wameoana. Hata miaka hii ya karibuni, muulize kijana mwenye jina la Kiarabu alivyosumbuliwa alipokwenda kutafuta kitambulisho, akaambiwa alete cheti cha babu. Mtu kama huyo ukimpa kichwa cha habari kinachosema "Waswahili walitoka Uajemi", umemtia matatani. Afisa hatasoma aya ya pili inayomtaja bibi.

Wala haki ya shamba haitoki kwenye mfupa wa sikio. Hata kama babu yangu wa miaka elfu alitoka Shirazi, bibi yangu wa miaka elfu alikuwa hapa akimngoja. Mahakama na tume za ardhi ziulize nani alilima, nani alirithi, nani alipokonywa na kwa hati gani. Hayo yana mashahidi walio hai.

Ninachoomba ni kidogo. Habari za namna hii zikifika kwenye meza yenu, andikeni katika aya ya kwanza ni watu wangapi waliopimwa, wa wapi na wa karne gani. Msiache sentensi ya akina mama ikakatwa kwa ajili ya nafasi. Na Makavazi ya Taifa, ambayo yana Fort Jesus na Gedi mikononi mwao, yangeweka bango la Kiswahili linaloeleza utafiti huu kwa watoto wa shule wanaoletwa kwa mabasi kila muhula. Wanaingia, wanapiga picha na mizinga ya Wareno, wanatoka bila kujua kwamba watu wa miji hii wamesomwa DNA yao.

Utafiti wenyewe uko wazi mtandaoni, haulipiwi. Profesa Kusimba aliwahi kufanya kazi katika hayo hayo Makavazi ya Taifa. Mtumeni mwandishi wenu mmoja ampigie simu, amhoji kwa Kiswahili, mahojiano yatoke kurasa mbili katika toleo la Jumapili. Mimi nitanunua nakala za kutosha kuwagawia walioko barazani.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Mji wa Kale, Mombasa