Barua kwa mwanangu aliyekwenda kusoma sosholojia

Mwanangu,

Salaam nyingi kutoka Muheza. Mama yako amenieleza mliyozungumza kwenye simu: kwamba wenyeji wa chuo hapo Mlimani wamekushauri ukwepe masomo ya takwimu kila utakapopewa nafasi ya kuchagua, uchukue ya kuandika insha, upate GPA nzuri, huo wastani wa alama, bila jasho. Neno hilo limeninyima usingizi, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Usikwepe takwimu, mwanangu. Nakuomba.

Kama nilinyamaza wakati wa chakula ulipotaja sosholojia, hiyo elimu ya jamii, badala ya sheria, mama yako alikwisha kukueleza nilikuwa nawaza nini. Jina lako lilipotoka kwenye orodha ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nililitangaza mwenyewe, msikitini hadi sokoni, mpaka watu wakachoka kunipa hongera. Lakini unawajua vijana wa mtaani kwetu wenye shahada wanaoshinda barazani. Siogopi sosholojia. Naogopa urudi na maneno mazito kuhusu umaskini, kisha kwenye usaili mtu akuulize ni kaya ngapi, umejuaje, ukabaki kumtazama.

Kazi zipo, nimeziona kwa macho yangu. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kwenda Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, limepita wilayani kwetu. Kabla ya mitambo walikuja vijana wenye vishikwambi, nyumba kwa nyumba: nani analima wapi, mjane huyu shamba ni lake au la shemeji zake, kaburi hili ni la ukoo gani na nani aulizwe kabla halijaguswa. Mthamini anajua bei ya mnazi. Kujua kwamba huku pwani mnazi unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ya mtu mwingine, hapo anahitajika aliyekaa na wazee akawasikiliza. Ukikosea hapo, fidia inakwenda kwa asiyestahili, na ndugu wanakatana mapanga. Hiyo ndiyo sosholojia ninayoiheshimu.

Au chukua kituo cha Amani cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hapahapa Muheza. Miaka na miaka wanachunguza malaria. Daktari anamjua mbu, lakini kwa nini mtu apewe chandarua bure akafunikie miche au kuku? Jibu la swali hilo halipatikani maabara. Unakwenda kuuliza, unahesabu, unalinganisha kijiji na kijiji. Kuhesabu, mwanangu, umenisikia?

Kwenye halmashauri yupo afisa maendeleo ya jamii. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, yeye ndiye anayepaswa kujua kikundi kipi ni cha kweli na kipi ni mtu mmoja aliyeandikisha majina ya wifi zake. Kama hawezi kusoma daftari la hesabu, watamchezea. Yupo na afisa ustawi wa jamii, ambaye Sheria ya Mtoto ya 2009 imemkabidhi watoto wa watu. Hiyo kazi inataka moyo, na moyo unao, tangu utotoni. Moyo wako haujawahi kunitia wasiwasi.

Walimu wako watakutajia waasisi wa sosholojia, akina Durkheim na Weber, uwasome. Lakini mtafute mapema W.E.B. Du Bois, Mmarekani mweusi. Mwaka 1896 alihamia mtaa wa watu weusi pale Philadelphia, akapita mlango kwa mlango na madodoso yake. Wazungu walikuwa wanasema weusi ni wahalifu na maskini kwa asili yao. Hakuwajibu kwa hasira peke yake. Alionyesha kodi za nyumba, mishahara, kazi walizonyimwa, vifo, yote kwa namba na michoro, na wengine wengi wamejifunza kutoka kwake. Uzeeni Rais Nkrumah alimwalika Ghana, akafia Accra mwaka 1963. Ukiingia Ukumbi wa Nkrumah hapo chuoni, mkumbuke na yeye.

Hesabu hukuzipenda tangu kidato cha pili. Mwalimu wako aliniambia kwamba uwezo unao, subira ndiyo huna. Basi tafuta wenzako wa takwimu au uchumi, kaeni pamoja jioni. Jifunze SPSS au STATA, zile programu za kompyuta za takwimu, mwaka huuhuu wa kwanza, usingoje utafiti wa mwaka wa tatu kisha umlipe mtu wa stationery akufanyie uchambuzi. Hilo likitokea nitajua, na nitaumia. Barua za kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo zianze mapema. Hapa halmashauri nitakupelekea mwenyewe.

Bumu, fedha yako ya mkopo wa chuo, likichelewa, usiguse mikopo ya simu wala wakopeshaji wa kausha damu wa mtaani. Niambie mimi. Machungwa msimu huu dalali ameyanunua yakiwa bado mtini, kwa bei ya kusikitisha, na ukipata nafasi ya kuandika kazi ya darasa, andika kuhusu hilo: kwa nini mkulima wa Muheza hapangi bei ya chungwa lake. Nitakupa daftari zangu zote za mauzo. Namba unazo tayari nyumbani kwenu.

Shangazi yako msaidie kupika, usijifungie chumbani na simu. Mdogo wako anataka kile kitanda chako, nimemwambia asubiri. Paa la jiko tutaezeka kabla ya vuli kukolea, fundi ameshachukua nusu ya fedha. Kifurushi cha dagaa na mihogo mikavu amekibeba kondakta wa basi la asubuhi. Nenda stendi ya Magufuli ukakichukue leo hii, na mama yako anasema ndoo yenye mfuniko wa bluu irudishwe.

Ukishasajili masomo, nitumie orodha yote. Nataka kuiona takwimu humo.

Baba yako