Lenzi ndefu "mbovu": angalia haya kabla ya kutuletea

Msimu wa watalii ukikolea hapa Arusha, zumu ndefu, yaani lenzi za kuvuta vitu vya mbali, zinaletwa dukani kwetu na lawama moja: "Picha za mbali hazitoki kali." Nyingi ni za milimita 100-400 au 150-600, na nyingi tukizipima tunazikuta nzima. Tunaandika haya usije ukalipia ufundi usiouhitaji.

Mshukiwa wa kwanza ni hewa. Tangu saa tano asubuhi mpaka saa tisa alasiri, ardhi ya Serengeti ikishapata moto, hewa iliyo juu ya nyasi hucheza, na milimita 600 zinakuza mchezo huo pamoja na simba wako. Akiwa mita 200, manyoya yake yanatoka kama yamepakwa kwa brashi. Hakuna lenzi inayotibu hilo, hata ile inayouzwa bei ya gari. Ngoja jioni, au dereva asogee karibu kwa njia iliyopo.

Kujua kama ni hewa, piga picha kumi mfululizo za kitu kisichosogea, mfano kigingi au shina la mti, kisha uzikuze. Ukiona ukingo umenyooka katika moja na umepinda katika nyingine, ni joto hilo. Na hii haihitaji jua kali: alfajiri yenye baridi, ukipiga juu ya boneti iliyotoka kuchemka, utaharibu picha vilevile. Geukia upande mwingine wa gari.

Mshukiwa wa pili ni gari lenyewe. Injini izimwe, na wenzako watulie kidogo. Mfuko wa maharage ukingoni mwa paa unashika lenzi ya kilo mbili kuliko mkono wowote. Kwenye milimita 600 kasi ya shata isishuke chini ya 1/600 ya sekunde, na duma akikimbia anza na 1/2000. ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, ikipanda mpaka 3200, iache ipande. Chengachenga zake hupunguzwa kwenye kompyuta. Mtikisiko hauna dawa.

Halafu kuna kichujio cha bei ya chee kilichofungwa mbele "kulinda kioo". Kwenye lenzi fupi huenda usione tofauti, ila kwenye ndefu kinaua ukali. Kifungue, upige tena. Wateja hawapendi kusikia hili kwa sababu mara nyingi waliuziwa kichujio pamoja na lenzi.

Kuna matatizo ambayo kweli ni kazi yetu. Nyanda za Ndutu zina udongo wa majivu ya volkano, vumbi laini linalopenya popote, na zumu inayorefuka ukiivuta inanyonya hewa kila inapotoka. Sony 200-600 na Nikon 180-600 za kamera za Z hazirefuki, hivyo zina nafuu, ingawa nazo zinahitaji kufutwa. Punje mbili tatu ndani ya kioo hazionekani kwenye picha. Usiruhusu fundi yeyote afungue lenzi kwa sababu hiyo. Pete ikianza kukwaruza ukiizungusha, hapo iache, usiilazimishe. Madoa meusi angani yanayobaki palepale hata ukibadilisha lenzi yako ni uchafu wa sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachonasa picha, kazi nyingine na bei nyingine.

Wa Zanzibar na Tanga wanatuletea kuvu: nyuzi nyembamba ndani ya kioo, unaziona ukimulika tochi kutoka nyuma. Ikiwahiwa inasafishika. Ikishakula utando uliopakwa juu ya kioo, alama hubaki. Hifadhi lenzi kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu, si kwenye begi la ngozi kabatini.

Ukija, usifute zile picha mbaya. Tuletee kadi yenyewe, bodi (kamera yenyewe) unayotumia na kichujio chako. Kupima ni bure na unasubiri hapohapo.