Barua ya kufunga muhula wa pili

Wazazi na walezi,

Hamjambo, na poleni na hii baridi. Muhula ndio huo umeisha. Nianze na matamu, machungu mtayapata hapo chini.

Mliofika siku ya maonyesho mlijionea wenyewe, na mliobaki nyumbani shauri yenu. Gredi ya 6 walipanga meza ya vitambaa na kadi zenye maandishi ya breli, yale ya nukta ya wasioona, na kabla ya saa sita kadi zilikuwa zimeisha, watu wanauliza kama zitatengenezwa zingine. Na kazi ilianza vibaya hiyo. Walishona "karibu" kwa mafundo makubwa ya uzi ati ionekane vizuri, wakampelekea mwenzao asiyeona, binti akapapasa akauliza nani amemwaga njegere kwa kitambaa. Breli inasomwa na ncha ya kidole, zile nukta za herufi moja, hazizidi sita, zote lazima ziingie chini ya kidole kwa mguso mmoja, na kutoka nukta hadi nukta ni kama milimita 2.5 tu. Ukipanua sana msomaji anabaki kuhesabu vitone. Basi wakahamia shanga ndogo, wakapima nafasi kwanza kwa karatasi ya miraba, na uzuri wa shanga ni kwamba hailali kama fundo la uzi.

Kadi nazo zina akili yake. Kwa sleti na stailasi, yaani kibao chenye vidirisha na kijiti chenye ncha cha kutobolea, unatoboa upande wa nyuma, kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zikiwa zimegeuka, ndio ukipindua isomeke. Ukisahau kugeuza, d inatoka f na e inatoka i, na salamu za mama zinakuwa vitu vingine kabisa. Tafadhali kadi uliyoletewa usiifukie chini ya Biblia, nukta zitabonyea. Na vitambaa msipige pasi juu ya shanga.

Sasa ile ya mtihani.

Vijana watatu wa Gredi ya 8, wote macho yao mazima, walishona majibu ya sayansi kwa pindo la mkono wa sweta, uzi wa rangi ile ile ya sweta. Breli safi. Msimamizi akapita akarudi, hakuona kitu. Ni mwalimu wetu wa breli, ambaye mnajua haoni, alimsalimia mmoja pale mlangoni, kidole kikatua kwa pindo, akaanza kusoma kwa sauti: mizizi, shina, majani. Kijana alitaka kuvuta mkono, wapi! Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hiyo kushona ilikuwa nadhifu kuliko ya meza ya maonyesho. Louis Braille alibuni huu mfumo 1824 akiwa kijana wa miaka 15, asiyeona apate kusoma, si anayeona apate kuiba mtihani. Halafu mzazi mmoja ananitumia voisi WhatsApp ati nimpongeze mtoto kwa ubunifu. Hapana, mzazi. Wamepata sufuri, na muhula ujao watashona lebo za breli za rafu zote za maktaba, jioni baada ya masomo, mpaka ziishe.

Karo. Tumeongea kwa mikutano, tumetuma SMS, tumeandika kwa grupu. Kuna mtu hajamaliza ya muhula wa kwanza na kila wikendi statasi yake ni nyama choma Kenyatta Market, na sisi tunaona. Pesa za kadi zilinunua karatasi nzito na kutengeneza ile mashine ya Perkins ya kuandika breli iliyokuwa imekwama, kwa hivyo acheni kuniuliza kama zinaweza kupunguza balansi ya mtu. Mwenye shida ya kweli aje ofisini tupange, nimepanga na wengi, lakini kuzima simu si kupanga. Lipeni kwa peibili ya shule peke yake, mtoto asipewe keshi.

Na hii tabia ya Ijumaa mtoto "anaumwa" halafu Jumatatu anakuja akisimulia ushago ikome.

Matokeo yako kwa ripoti fomu. Bei ya lanchi ni ile ile.

Siku ya kufungua, Gredi ya 6 waje na sindano nyembamba ya shanga, uzi wa nailoni na kitambaa kisichovutika, hata cha Gikomba ni sawa. Wale watatu waje na wazazi wao saa moja na nusu asubuhi, na sweta.

Mwalimu Mkuu