Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri: soko letu lisichimbwe wakati wa masika

Ndugu Mkurugenzi,

Kwenye mkutano wa mtaa tuliambiwa kwamba soko letu litavunjwa lijengwe la ghorofa tatu, na kwamba kazi itaanza "mwaka ujao wa fedha". Kama mkazi nilifurahi. Lakini nimesimamia saiti za maduka na maghala hapa Dar es Salaam kwa miaka kumi na tisa, na maneno hayo ya mwisho yamenikosesha usingizi.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kwa mazoea yetu, ndipo mshauri anaanza kutafutwa, michoro inachorwa, udongo unapimwa na vibali vinaombwa, halafu zabuni inatangazwa kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao. Hadi mkandarasi akabidhiwe saiti, ni Februari. Anazungushia mabati, analeta ekskaveta, anachimba. Shimo likifika kina, masika hayo.

Shimo la namna hiyo nimelisimamia mwenyewe. Lilikuwa la jengo la maduka, karibu na bonde, mahali ambapo hata kiangazi ukichimba kidogo unakutana na maji. Asubuhi moja ya Aprili tulikuta limejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, kingo zimebomoka, nondo tulizosuka wiki nzima zimezama kwenye tope. Pampu mbili zilivuta usiku na mchana, mvua ikarudisha yote. Vibarua walikaa chini ya turubai wakitazama mawingu, na kibarua wa kutwa asiposhika koleo halipwi. Mei ilipoisha tulizoa tope, tukazisugua nondo moja moja kwa brashi ya waya. Mkandarasi hakuwa mvivu wala mwizi. Alianza mwezi mbaya, basi.

Ninachokuomba, Ndugu Mkurugenzi, ni kuhesabu kuanzia kwenye mvua kurudi nyuma. Msingi uwe umetoka ardhini kabla ya Machi. Zege halina haraka: linamwagiliwa siku kadhaa, na vipande vya majaribio vinavunjwa siku ya 7 na ya 28. Kwa hiyo zabuni itangazwe Julai yenyewe. Ili itangazwe Julai, michoro, upimaji wa udongo na vibali vikamilike kati ya Januari na Juni, kwa fungu dogo la bajeti inayoendelea. Udongo hasa, tafadhali. Ukipimwa baada ya mkataba kusainiwa na maji yakaonekana, msingi unabadilishwa, gharama inapanda, na kila mtu anarudi mezani huku mitambo imelala.

Lifti ya mizigo nayo ichaguliwe mapema. Watu wanadhani ni kitu cha mwisho kwa kuwa hufungwa mwisho. Lakini vipimo vya tundu lake vinatoka kiwandani, na lifti yenyewe inakuja kwa meli. Nimeona ukuta wa zege uliokwisha kukauka ukivunjwa kwa nyundo kwa sababu lifti iliyofika bandarini ilikuwa pana kuliko tundu. Umeme ni vivyo hivyo: barua ya kuomba transfoma itoke siku msingi unamwagwa, si siku jengo linapakwa rangi.

Na mkandarasi alipwe hati zake za malipo kwa wakati. Asipolipwa hapunguzi faida yake, anapunguza mafundi.

Jambo linaloniuma zaidi ni wafanyabiashara. Usiwahamishe hadi mkataba uwe umesainiwa na mitambo iko tayari kuingia. Mama anayeuza nazi na dagaa akipelekwa uwanjani juani, wateja wake hawamfuati wote, na kila mwezi wa kuchelewa anaulipia kutoka kwenye mtaji wake. Yeye hana kifungu cha mkataba cha kuongezewa muda kama mkandarasi. Ratiba ibandikwe pale kwenye lango la soko, na tarehe zake, ili aisome akijua arudi lini.

Ukipata nafasi, fika sokoni kabla michoro haijaanza. Mimi na mafundi wenzangu tutakuonyesha nyuma ya vibanda vya samaki, mahali maji yanaposimama kila Aprili. Mchoraji naye apaone.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msimamizi wa saiti, mkazi wa halmashauri yako