Barua ya wazi kwa mkurugenzi anayesimamia mji mkongwe wa Lahore: tunaomba yale maduka ya msikiti wa Wazir Khan yarudi kwa waandishi na wajalidi vitabu

Mheshimiwa, assalam aleykum. Mimi mtu wa Unguja, nilikuja Lahore, huko Pakistan, kumuuguza ndugu yangu tukakaa wiki tatu, na karibu kila alasiri nilikuwa napitia Delhi Gate, lile lango la mji mkongwe, naenda kusali msikiti wa Wazir Khan, ndo maana nakuandikia.

Vile vigae vya rangi ukutani, wenyewe wanaita kashi, kila mtu anavipiga picha na mimi nilipiga, maana kila rangi imechomwa peke yake halafu fundi akakata vipande vidogovidogo akavipanga mpaka vikawa maua, vikawa aya nzima ya Qurani, juu ya ukuta wa tofali tu. Na ndani chini ya zile kuba tano plasta ilichorwa ikiwa mbichi, rangi ikanywewa na chokaa. Karibu miaka 400 sasa mheshimiwa!

Lakini kilichonishika mimi ni pale mlangoni. Kabla hujafika uani unakatiza kijia cha maduka, yapo 22, na yule Hakim Ilmuddin, tabibu wa mji wa Chiniot ambaye mfalme Shah Jahan alimpa cheo cha Wazir Khan, alipoanza kujenga 1634 aliyaweka makusudi kwa ajili ya waandishi wa hati na wajalidi vitabu, kodi yao itunze msikiti. Hamamu, yaani bafu la watu wote, la kule Delhi Gate nayo ni yake, ya 1635, ikaingia kwenye wakfu huohuo. Sisi kwetu wakfu tunaujua, mpangaji analipa, msikiti unapata mafuta ya taa na mkeka mpya, kwa hiyo nilimwelewa mzee yule moja kwa moja.

Hamamu mmeikarabati vizuri mpaka UNESCO wakaitunuku 2016, hongereni sana. Sasa naomba na maduka yarudi kwa watu wa kalamu na karatasi, wapeni kodi nafuu, na fundi wa kashi mmoja akae hapo na wanafunzi wake, na hiki tunacholipa wageni kule hamamu fungu lake liende msikitini kama alivyotaka mwenye wakfu.

Nilikuja na msahafu wa marehemu bibi, jalada limeachia, nikauliza duka hadi duka pale mlangoni nikakosa wa kunijalidia. Nimerudi nao Unguja, upo kabatini umefungwa kitambaa, na nikijaaliwa kuja tena nitaubeba.