Kulungu wa visiwani hawapunguzwi kwa kuuza vibali

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wa makala yenu kuhusu kulungu wanaopunguzwa kwa kupigwa risasi kutoka helikopta katika visiwa vya mbali. Alishangaa kwa nini Wazungu wanamwaga fedha kuwalipa walenga shabaha, wakati wangeweza kuvigawa visiwa hivyo vitalu vya uwindaji na kuuza vibali kwa watalii kama tunavyofanya Tanzania. Kulungu wangepungua na serikali ingeingiza dola. Mimi ni askari mstaafu wa wanyamapori, na sehemu kubwa ya utumishi wangu ilikuwa kwenye vitalu hivyohivyo. Nasema dawa hiyo haiponyi ugonjwa huo.

Kwetu mtalii anaruhusiwa dume. Simba awe ametimiza miaka sita. Nimewaona wawindaji bingwa wanaowaongoza watalii wakilala kifudifudi na darubini, wakimkagua nyati mmoja mpaka jua linawachoma mgongo: je, pembe zimekomaa pale zinapokutana juu ya paji, au bado ni laini? Kama ni laini, mgeni anaambiwa ashushe bunduki, safari iendelee. Jike analindwa kwa sababu ndiye anayejaza pori. Ua madume wazee kumi leo, na mwakani mimba zitakuwa zilezile, kwani dume mmoja anatosha majike wengi. Kitalu kimeundwa ili wanyama wasiishe. Kukipeleka kisiwani ambako tatizo ni wingi ni kutaka wazidi.

Mfano upo. Kisiwa cha Anticosti, Kanada, katika ghuba ya mto St. Lawrence, kina ukubwa wa karibu mara tano ya Unguja. Mwaka 1895 kilinunuliwa na Henri Menier, tajiri wa chokoleti kutoka Ufaransa, aliyetaka uwanja wake wa kuwindia. Katika 1896 na 1897 akaleta kulungu wapatao 220 wa aina ya mkia mweupe. Mbwa mwitu hawakuwapo, na baadaye kulungu wakapita 100,000. Kisiwa kilikuwa na dubu weusi wengi, wanaotegemea matunda ya vichakani kujinenepesha kabla ya majira ya baridi. Kulungu wakavitafuna vichaka, na dubu wakatoweka. Mla majani kamfukuza dubu kwa kumlia chakula chake! Katika utumishi wangu wote sijakutana na kisa kama hicho.

Wawindaji wanalipa kwenda Anticosti kila mwaka. Wanaua maelfu, na kijiji cha Port-Menier kinaishi kwa biashara hiyo. Kulungu bado wapo tele, na kinachowaangusha kwa wingi zaidi ni baridi kali yenye theluji nyingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Laval walizungushia uzio vipande vya msitu uliokatwa, vingine wakaviacha bila kulungu kabisa, vingine wakaweka wachache. Ndani ya uzio miche ya misonobari ikainuka. Nje ikaendelea kuliwa ingali chini ya goti. Wenye kambi za wageni wanayajua haya, lakini mgeni aliyelipa anataka kuona kulungu asubuhi ya kwanza. Nani atakata tawi alilokalia?

Kuna wasomaji watakaosema basi waachwe, Mungu ndiye mgawaji. Wamekwisha kuachwa mahali pengine. Mwaka 1944 walinzi wa pwani wa Marekani waliteremsha kulungu 29, wa aina ile inayofugwa na Wasami kaskazini mwa Ulaya, katika kisiwa cha St. Matthew, bahari ya Bering, wawe akiba ya chakula kwa askari wachache waliokuwa na kituo pale. Vita ikaisha, askari wakaondoka, kulungu wakabaki. Mtafiti David Klein alikuta 1,350 mwaka 1957, na 6,000 mwaka 1963. Malisho yao ya baridi, kuvu zile kavu zinazoota juu ya mawe na udongo, yalikuwa yamekwisha kukwanguliwa. Baridi ya mwaka huo ikawakuta wamekonda. Klein aliporudi 1966 alikuta mifupa imetapakaa na kulungu 42 tu walio hai: majike 41 na dume mmoja mwenye pembe zenye kasoro. Ndama hakuwapo. Anayeona risasi ni ukatili afikirie wale elfu kadhaa waliokufa kwa njaa, siku baada ya siku.

Ninakubaliana na mwandishi kwenye jambo moja, na hapo simtetei mtu: nyama. Kumpiga mnyama kutoka angani na kumwacha aoze ni israfu, na mwenyeji anayemla mnyama huyo mwaka mzima ana haki ya kukasirika. Kwa hiyo siwashangai wakazi wa kisiwa cha Catalina, California, waliopinga mpango wa helikopta uliotangazwa 2023 hadi ukaachwa mwaka uliofuata. Lakini nyama na helikopta si lazima vigombane. Huko visiwa vya Haida Gwaii, magharibi mwa Kanada, kulungu walioletwa tangu 1878 wanatafuna miche ya mierezi, mti ambao watu wa Haida huchonga mitumbwi na nguzo zao za ukoo. Mwaka 2017 Wahaida wenyewe pamoja na idara ya hifadhi za taifa waliendesha operesheni katika visiwa vidogo vya Gwaii Haanas, wakatumia walenga shabaha, na nyama ikapelekwa vijijini.

Kisiwa cha South Georgia, kusini mwa Atlantiki, walikwenda mbali zaidi. Wavua nyangumi wa Norwei walipeleka huko kulungu wa aina ileile ya St. Matthew mwaka 1911 na tena 1925. Mwaka 2013 waliitwa Wasami, wachungaji wa kulungu kwa asili, wakaswaga sehemu ya kulungu hao hadi zizini, na nyama ikaokolewa kiasi kilichowezekana. Waliobaki wakamalizwa na walenga shabaha. Jumla walikuwa kama 6,700, na hakuna aliyeuliza pembe. Jike, dume, ndama, wote. Nyasi ndefu za pwani, zinazowapa ndege wa baharini mahali pa kuchimba viota, zimeanza kurudi.

Najua kwa msomaji wa Zanzibar haya ni maajabu, maana kwake shida ni kwamba paa nunga anakwisha. Ila nasi tuna kisiwa tulichopelekea wanyama: Rubondo, ndani ya Ziwa Viktoria. Miaka ya 1960 walipelekwa sokwe na twiga, tembo wakafuata baadaye, na simba hakuna. Badala ya makala nyingine ya visiwa vya mbali, mhariri ungemtuma mwandishi wako huko akawaulize wahifadhi wanawahesabu vipi tembo na twiga wao, magome ya miti yana hali gani, na ni idadi gani ikifikiwa watasema basi.

Askari mstaafu wa wanyamapori,
Morogoro